Kagure Hakuwa Ng'ombe

Risala ya Kikundi cha Wazee wa Kumbukumbu, Kigongo cha Kiandurumo, Tetu, siku ya kufungua chumba cha kusomea

Mgeni rasmi, Profesa Phyllis Ireri, mkuu wa masomo ya uzamili na uzamivu, Chifu wetu, wachungaji, walimu, akina mama na majirani wote wa Kiandurumo,

Alipokuja kwetu hakuwa na gari. Hakuwa na mwavuli, na ulikuwa mwezi wa Aprili. Hakuwa na viatu vya matope. Hakuwa na ndugu upande huu wa mlima, kwa maana amezaliwa upande wa mashariki, kwa Wameru, na hapakuwa na ukoo hapa ambao ungesema, "Huyo ni wetu, msimchezee." Hakuwa na Kikuyu cha kutosha, alikichanganya na Kimeru chake na Kiswahili, nasi tulicheka. Kinasa sauti alikuwa nacho, lakini baada ya siku ya kwanza hakuwa nacho tena, kwa sababu tulimwamuru akiache chumbani. Na zaidi ya yote, Mgeni rasmi, hakuwa na sababu ya kutushuku.

Jina lake ni Karwitha Murungi. Ulikuwa mwaka wa 2021, naye alikuwa mwanafunzi wako. Risala hii inamhusu yeye, ingawa kadi ya mwaliko tuliyokutumia ilisema unakuja kufungua chumba cha kusomea. Tunakuomba radhi kwa hilo. Si uongo wetu mkubwa.

MAKARIBISHO

Karibu Kiandurumo, Profesa. Umeacha lami pale Giakanja ukashuka na udongo mwekundu mpaka hapa, na dereva wako ameuona ulivyo. Tunajua kwamba risala ya kawaida huisifu barabara mwanzoni ili iombe lami mwishoni. Wiki iliyopita Chifu alinikuta mimi, katibu, nikiandika nje ya nyumba yangu, akasimamisha pikipiki.

"Moffat, umeandika ya kompyuta?"

"Bado, Chifu."

"Na tangi ya maji?"

"Bado. Nimeandika ya ng'ombe."

"Ng'ombe! Hiyo ni maneno mzuri. Mradi ya maziwa. Profesa atafurahi sana."

Akaenda zake akiwa na furaha, nami sikumwita arudi. Chifu, tusamehe. Hakuna mradi wa maziwa.

HISTORIA YETU

Kikundi chetu kilianza mwaka wa 2016. Tulikuwa wazee ishirini na watatu, na kazi tuliyojipa ilikuwa kukumbuka. Shule ilipotaka kujua soko la zamani lilikuwa wapi, ilituuliza sisi. Familia zilipogombania mpaka, zilikuja kwetu, nasi tulikwenda na fimbo zetu tukaonyesha jiwe. Tuliheshimiwa. Tulipopita njiani, vijana walizima redio zao.

Niliyepewa kalamu ni mimi, Moffat Gicheru, katibu. Nina miaka sabini na minne. Nilikuwa mtu wa mashine ya kumenya kahawa kiwandani, na sikuweza kulisoma jina langu kwenye orodha ya zamu. Niliulizia kwa wenzangu nikisingizia macho. Nikiwa na miaka thelathini na minane niliingia ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima. Nilifanya mtihani wa darasa la nane kando ya mtoto wa jirani yangu, na magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Baadaye nikafanya wa kidato cha nne. Nyumbani nina kamusi mbili, nimezisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Zamani ningeyasema haya kwa kujivuna. Leo nayasema ili mjue kwamba nililofanya sikulifanya kwa ujinga.

Kuna desturi moja ambayo lazima tuieleze, kwa sababu ndiyo iliyomwangusha Karwitha. Wazee wa Kikuyu wakiulizwa jambo zito hawajibu papo hapo. Huinuka, hutoka kando, husemezana kwa sauti ya chini mpaka wapatane, kisha hurudi na mmoja wao hujibu kwa niaba ya wote. Kikao hicho cha kando tunakiita ndundu. Anayetoka ndundu akasema lake mwenyewe huonekana mtu mbaya. Desturi hii imetuliza ugomvi mwingi wa mbuzi na wa mipaka, nasi hatuitukani. Ila hatukujua kwamba kwa mwanafunzi wa historia ni sumu.

MAFANIKIO

Karwitha alikaa miezi mitano nyumbani kwa Murugi, mjane wa mwenzetu. Siku ya kwanza tulimtaka atueleze hayo masomo ya uzamivu ni kitu gani, maana kwetu hapa hakuna aliyefika huko.

"Guka," alisema, akituita sote babu, "mimi niko na walimu watatu. Wa historia anauliza, lini? Wa jiografia anauliza, wapi? Na wa anthropolojia, huyo anauliza, mbona mnasema hivyo?"

Mzee Mwai, mwenyekiti wetu, akamuuliza, "Na wewe unauliza nini?"

"Mimi nauliza kama chai imeiva."

Tukampenda kuanzia hapo. Alitembea na kila mmoja wetu, bonde kwa bonde. Aliandika jina la kila chemchemi, kila mteremko, kila jiwe, na nani alilima wapi kabla ya mwaka wa 1959, mwaka ambao vipande vya mashamba viliunganishwa na kila familia ikapewa shamba moja lenye mpaka. Majina mia moja sitini na moja. Akayachora kwa mkono kwenye karatasi kubwa kuliko shuka, akaitandaza uani kwa Murugi na mawe kwenye pembe nne. Mimi niliyeishi hapa maisha yangu yote, siku hiyo ndipo nilipoiona nyumba yangu kutoka juu. Nikasimama hapo na kifua kimejaa. Mtu wa ngumbaru, nimemwonyesha njia mtu wa uzamivu!

Kisha akaweka kidole kwenye kinamasi, chini kabisa karibu na mto.

"Guka, niko na swali moja tu. Hii pahali wamama wanaita Kwa Kagure. Watoto wanaita Kwa Kagure. Kagure alikuwa nani?"

Mzee Mwai akainuka, nasi tukamfuata nyuma ya jiko la Murugi.

Maneno ya huko hayajawahi kusomwa mbele ya watu. Tumekubaliana leo yasomwe.

"Akiandika hiyo jina, itaingia kwa kitabu ya yunivasiti," alisema mmoja.

"Na mjukuu wake, Nduta wa Ruring'u, atakuja na wakili, hiyo kitabu iko mkononi."

"Basi tuseme hatujui."

"Hatujui, na bibi yako mwenyewe anaita hivyo kila siku akienda kuchota maji? Atatuona watoto."

"Ah, tumwambie ilikuwa ng'ombe," mwingine akasema kwa mzaha. "Ng'ombe ya mzungu, ikazama huko kwa matope."

Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Mimi niliona kwamba inafaa. Mwalimu wetu wa insha katika ngumbaru alitufundisha kwamba anayetaka kuaminiwa hasemi jambo kubwa, hutoa jambo dogo. Basi nikasema ng'ombe huyo alikuwa wa mzungu mpimaji wa mashamba. Nikampa baka jeupe kwenye paji la uso. Na ndipo nikampa pembe ya kushoto iliyovunjika.

Tukarudi. Mzee Mwai akajibu kwa niaba ya wote. Karwitha aliandika, kisha akainua kichwa.

"Imevunjika pembe gani, Guka?"

"Ya kushoto."

Murugi alikuwa akimimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagika mezani.

"Karwitha," alisema, "waulize tena."

"Murugi, wazee wamesema," Mzee Mwai akamjibu. Naye Murugi akaenda kutafuta kitambaa.

Wiki zilizofuata Karwitha alimtembelea kila mzee peke yake, kama walimu wake walivyomfundisha, ili asikie sauti tofauti. Kila nyumba aliyoingia alimkuta ng'ombe amefika kabla yake, na baka lake na pembe yake. Alituuliza kama tunaweza kutia sahihi. Tukamwambia mzee hatii sahihi kwa mgeni, atuandike kwa nambari. Watu ishirini na watatu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Mgeni rasmi, chini ya kichwa hiki watu huandika madarasa na visima. Sisi mafanikio yetu ni hayo.

KAGURE ALIKUWA NANI

Kichwa hiki hakimo katika risala nyingine, lakini hatuwezi kukiruka.

Kagure alikuwa mjane. Alikuwa na vipande saba vya shamba, vinne kando ya kinamasi alikolima nduma, yaani majimbi, na vitatu mteremkoni. Wakati wa Hali ya Hatari aliwekwa kizuizini miaka mitatu kwa kuwapelekea wapiganaji chakula msituni. Aliporudi mwaka wa 1959, kamati ya kuunganisha mashamba ilikuwa imeketi. Sharti lilikuwa mtu asimame mbele ya kamati, avitaje vipande vyake, na apate wa kumshuhudia. Kagure alisimama. Alivitaja vyote saba, jina kwa jina, na karani akaandika. Kisha wanakamati wanane wakatoka kando. Ndundu yao haikuchukua muda. Walirudi na mmoja akasema kwa niaba ya wote, "Huyu mama hana shahidi."

Wote wanane walikuwa wamelima wakipakana naye. Walikuwa baba zetu. Aliyerudi na neno lile alikuwa baba yangu mzazi.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilimfahamu Kagure. Aliniita "Baba", kama mama zetu wanavyowaita watoto wa kiume kwa upendo, na mara nyingi alinikatia nusu ya nduma yake ya moto, akaifunga kwa jani la mgomba ili isiniunguze. Alihamia kwa kaka yake, upande wa Ruring'u, akafia huko. Vipande vyake sita viligawanywa kwa familia nane, na cha saba kikabaki cha umma. Kiti ulichokalia, Profesa, kiko juu ya kipande hicho cha umma. Chumba hiki tumekijenga hapo.

Tulilichukua shamba lakini jina lilitushinda. Akina mama waliendelea kulitamka kila walipokwenda mtoni, bila ubaya, bila hata kufikiri. Miaka sitini tulilisikia jina hilo kila siku. Alipokuja mtu mmoja kutuuliza maana yake, tukalifanya la mnyama.

CHANGAMOTO

Mwaka wa 2024 tasnifu ya Karwitha ilifika mbele ya watahini. Unayajua haya kuliko sisi, lakini majirani hawayajui. Mtahini wa jiografia alikuwa amelipata daftari la madai la 1959 katika nyaraka za kale. Ndani yake karani ameandika: Kagure, mjane, vipande saba. Sasa ng'ombe ametoka wapi? Wakafungua mahojiano. Mhojiwa wa kwanza anasema pembe ya kushoto. Wa tisa, pembe ya kushoto. Wa ishirini na tatu, pembe ya kushoto, kwa maneno yaleyale. Wakasema, na kwa haki, kwamba hakuna wazee ishirini na watatu duniani wanaokumbuka namna hiyo. Wakasema mtu mmoja alijifungia chumbani akatunga mzee mmoja, kisha akamzidisha. Sauti ziko wapi? Hakuna. Sahihi? Hakuna. Kulikuwa na nambari za simu tu.

Ofisi yako ikapiga simu. Hatukulaumu, Profesa. Ulifanya lililo sawa. Mzee Mwai aliposikia neno "Kagure" alikata. Simu ya pili ilinipata mimi nikichuma kahawa, kikapu kimefungwa kiunoni.

"Ni Mzee Moffat Gicheru?"

"Ndiye."

"Unamfahamu mwanafunzi anayeitwa Karwitha Murungi?"

Nilidhani ni mambo ya shamba. Nilidhani ni wakili. Nikasema, "Simjui."

"Hakuwahi kukuhoji juu ya mahali panapoitwa Kwa Kagure?"

"Simjui Kagure yeyote."

"Asante, mzee. Samahani kwa usumbufu."

Nikairudisha simu mfukoni, mikono ikaendelea kuchuma, mbivu na mbichi pamoja. Kiwandani walikikataa kikapu changu, mimi niliyewafundisha nusu yao kuchagua kahawa. Wachungaji walioketi hapa wanakijua kisa cha mtu mwingine aliyesema "simjui". Yule alilia kabla ya kupambazuka. Mimi nilichukua miezi minne.

Habari ililetwa na Murugi. Karwitha alikuwa amempigia simu kumsalimu, na katika kusalimiana akamwambia kwamba shahada imesimamishwa, kwamba anaitwa mwongo. Murugi alikuja mkutanoni kwetu, hakuketi, alisimama mlangoni.

"Mumeua huyo mtoto na ng'ombe yenu," alisema. Akageuka akaenda.

Mzee Mwai na mimi tulikwenda Nanyuki. Karwitha anafanya kazi huko katika hoteli moja, mapokezi, amevaa kibati cha jina kifuani. Tulipoingia alisimama. Baada ya yote tuliyomtendea, alisimama kwa sababu wazee wameingia. Alituketisha pembeni, akaagiza chai. Nikamwambia yote: ndundu, jiko la Murugi, baba yangu, simu. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama kikombe.

"Hata pembe?"

"Hata pembe. Ni mimi niliitunga."

"Guka, hiyo pembe ndiyo ilifanya niamini. Nilikuwa na shaka, ujue. Usiku nilijiambia, ah-ah, hakuna mtu anaweza kutunga pembe."

Mgeni wa kizungu akaja kutaka ufunguo. Karwitha akaenda, akatabasamu, akampa, akarudi, na lile tabasamu likabaki kaunta.

Mzee Mwai, ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi mbele yangu tangu tuwe vijana, akasema, "Tumekuja utusamehe, mwana wetu."

"Saa hii niko kazini," akajibu.

Tulidhani ametufukuza. Lakini alitusindikiza hadi langoni, na hapo akasema: "Msinipe pole mimi. Mimi najua sikudanganya. Waambieni wale waliniita mwongo. Na tafadhali, Guka, msiende ndundu. Kila mtu aandike yake, peke yake, hajasikia ya mwenzake. Hata mkikosea. Sana sana mkikosea."

Tukaona tusikomee hapo. Tulikwenda Ruring'u kwa Nduta, mjukuu wa Kagure, ambaye ana duka la kushona. Tulimweleza kisa cha ng'ombe, tukamwambia tunajenga chumba cha kusomea, na tunaomba ruhusa kukipa jina la nyanya yake. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Mlimfanya ng'ombe," alisema. "Sasa mnataka kumfanya kibao?"

Akakata uzi kwa meno.

"Leteni hati ya shamba kwanza. Kibao tutaongea."

Kwa hiyo, Profesa, utakapovuta lile pazia utakuta kibao kitupu. Usidhani fundi alisahau. Familia nne kati ya zile nane zimekubali mpimaji aje, ya kwangu ikiwa mojawapo. Nne hazijakubali. Hatuwezi kukuambia mwisho wake, na hatutaki kukudanganya tena.

MAOMBI YETU

Hatuombi kompyuta. Hatuombi tangi wala lami. Tunajua Chifu ameinamisha kichwa.

Tumeandika barua kwa bodi yako kama Karwitha alivyotutaka. Kati ya wale ishirini na watatu, wanne wamekufa na ng'ombe yule mdomoni. Wawili wamekataa kuandika. Wameketi katikati yenu, na hatutawataja. Kumi na saba tumeandika. Sita wasiojua kalamu waliandikiwa na Mwalimu Anita wa shule yetu, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Barua ya kumi na nane ni ya Murugi, ambaye hatukuwahi kumuuliza chochote, kwa sababu wanawake hawakuwa na nafasi katika ndundu. Ya kwake ndiyo ndefu kuliko zote.

Hatukuzilinganisha. Juzi Mwalimu Anita alinijia ana wasiwasi. "Guka, hizi barua zinapingana. Mmoja anasema vipande saba, mwingine tano. Huyu anasema Kagure alikuwa mrefu, huyu anasema mfupi na mweusi. Nizirekebishe?"

Nikamwambia aziache. Maisha yangu yote nimeona haya mbele ya kosa la maandishi. Barua hizi zimejaa makosa, na ndizo barua bora zilizowahi kutoka kigongo hiki.

Tunaomba bodi iwaite watahini tena, isome tasnifu upya ikiwa na barua hizi kando yake. Mkitaka sauti, njooni na vinasa sauti vyenu. Mkitaka sahihi, ziko, na alama za dole gumba za wasiojua kuandika, na nambari zetu zimegeuzwa kuwa majina.

Tunaomba ng'ombe asifutwe. Abaki katika kitabu cha Karwitha, kwenye ukurasa wake, na chini yake iandikwe jinsi alivyotungwa na nani aliyemtunga. Yule mwalimu wake wa tatu, anayeuliza mbona mnasema hivyo, nadhani atapata jibu lake hapo. Jina langu liandikwe kamili.

Na tunaomba mwanafunzi mwingine mtakayemleta kwa wazee, popote pale, mumwambie hivi: wakitoka kando, usiwangoje. Nenda jikoni ukamuulize anayemimina chai.

Hatuombi kusamehewa. Karwitha alitujibu Nanyuki, na jibu lake tumelielewa.

BARAKA

Mgeni rasmi, kwa desturi mzee hufunga kwa kubariki. Nimejiuliza kama mdomo uliosema "simjui" unaweza kubariki. Nimeamua kuwaombea wengine tu, siyo sisi. Mvua imkute Karwitha akiwa na mwavuli. Kila alipochora njia, apite. Nduta auone mpaka wa nyanya yake kwa macho yake mwenyewe. Wewe, Profesa, urudi salama, na kazi yako ya kuwapima watu isikuchoshe. Watoto watakaosoma ndani ya chumba hiki wawe na swali moja tu, na wasiogope kuliuliza.

Sasa naomba dakika moja kabla ya kutaja jina la kikundi. Barua zote kumi na nane ziko katika bahasha hii ya kaki. Hatutakukabidhi mkononi, Profesa, kwa sababu ya mkononi inaweza kuonekana zawadi, nawe usingeweza kuikataa mbele ya watu. Itakwenda posta ya Nyeri kwa rejista, ipewe nambari, ifike mezani kwako kama barua ya mtu mwingine yeyote.

Mzee Mwai, njoo. Lamba gundi. Bonyeza hapo pembeni, hapajashika. Sawa.

Murugi, hii hapa. Pikipiki inakungoja langoni. Nenda, usitungoje sisi. Sisi tutabaki hapa na mgeni wetu, na kibao chetu.

Ni sisi, kila mmoja kwa jina lake,

Wazee wa Kumbukumbu wa Kiandurumo.